Kodi Chini, Ushuru Juu Kidogo

Wiki tatu baada ya kumzika mama yake, Plamedi alinipigia simu kuniuliza kama mwandiko fulani ni wangu. Alikuwa akipanga vitu vya marehemu katika nyumba yao ya Sparkbrook, akafungua Biblia, na katikati ya Zaburi akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Akanitumia picha. Niliitambua kabla haijafunguka vizuri kwenye simu: karatasi ya daftari la chuo, mstari umepigwa katikati kwa rula, upande mmoja BIRMINGHAM, upande wa pili GLASGOW, na chini yake, kwa herufi kubwa za mtu anayejiona msomi, KODI: CHINI. USHURU: JUU KIDOGO. "Is this you, Auntie?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, zamani nilimsaidia mama yako hesabu. Akashukuru, akaendelea na kazi yake. Mimi nilibaki nimekaa ndani ya gari mpaka vioo vikajaa mvuke. Watu wema hutufariji kwamba marehemu wanatusamehe, nami sijui habari hiyo waliipata kwa nani. Mama Plamedi ameondoka na jambo ambalo kwa miaka yote hakuligusa tena kwa mdomo wake, na tangu mazishi nasikia cherehani yake ikikimbia juu ya kichwa changu. Naishi ghorofa ya mwisho. Juu yangu kuna paa tu.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa mpangaji wake. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, juu ya jikoni, na sakafu yake ilipitisha kila kitu: harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikichemka, redio ya maombi, na sauti ya zile cherehani mbili alizoziweka sebuleni, mahali ambapo wengine huweka televisheni kubwa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka huko Tyseley, zamu ya asubuhi, na akirudi alishona vitenge vya akina mama wa kanisani hadi jioni. Mimi nilisomea uhasibu mwaka wa pili, na wikendi nililea wazee katika nyumba moja ya Acocks Green. Kwa sababu hiyo aliniita Mhasibu. Jina langu Mueni alilitumia siku mbili tu, ya kwanza na nyingine nitakayoifikia. Siku nilipomwonyesha barua ya council, serikali ya jiji, inayosema kwamba mwanafunzi hahesabiwi katika kodi ya jiji, kwa hiyo nyumba yake bado ina mtu mzima mmoja na atabaki na punguzo lake, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mhasibu, sikia! Serikali inasema hauko humu! Sasa huu ugali nani anakula?" Tangu hapo, nikichelewa kushuka mezani, alipaza sauti kwenye ngazi: "Ule mtu hayuko, aje akule!" Nilikuwa mbali na kwetu kwa mara ya kwanza, na katika nchi nzima ile mezani pake ndipo mahali pekee nilipoitwa nikichelewa.

Mwezi wa pili mwaka ule mdogo wake, Zawadi, alifika Glasgow. Hawakuwa wameonana tangu walipopotezana njiani wakikimbia vita, mmoja akaishia kambini Tanzania, mwingine Burundi, na sasa Zawadi aliletwa na mpango wa wakimbizi na kupelekwa huko kaskazini bila kuulizwa kama ana ndugu mahali pengine. Kila siku saa kumi na moja jioni simu iliegemezwa kwenye kopo la unga, na wale ndugu wawili wakapika pamoja, kila mmoja jikoni kwake. Nilimjua Zawadi kwa kidevu na paji la uso, kwa maana hakujua kuishika simu vizuri. Kabla mwezi haujaisha madaktari wakamwambia figo zake zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kusafiri kwake kukawa kugumu. Mama Plamedi angeweza kwenda kumwona kwa basi, na watu wa kanisani walimhimiza, lakini aliikataa safari ya kutembea tu. "Niende nimuone, halafu nimuache tena?" alisema. "Nikienda, ninaenda na sufuria zangu." Siku ya kuzaliwa ya Plamedi, aliyekuwa anatimiza miaka kumi na mitatu, Zawadi alituma noti kwenye bahasha. Plamedi akaipeleka dukani Ladypool Road, akarudi nayo amenuna. Mwenye duka aliigeuza huku na huku, akasema hizo pesa za Scotland yeye hapokei. Mama yake akaiangalia muda mrefu. "Kumbe batu ba kule bako na franga yao," akasema, akaiweka kwenye kabati la vikombe. Mimi nilicheka, nikaenda kusoma.

Mwezi wa tano mpangaji aliyeishi chini ya Zawadi akahama, na mwenye nyumba akasema Mama Plamedi anaweza kuichukua ile nyumba kama atajibu kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Chini yeye, juu mdogo wake, ngazi moja. Hicho ndicho kitu kikubwa alichowahi kutaka tangu nimjue, na alikitaka kwa woga, kama mtu anayebeba mayai. Akaniomba nimfanyie hesabu. Sikuwahi kuombwa jambo kubwa kama lile. Nilikaa wiki mbili na tovuti za serikali, na nilifurahia, siwezi kuficha: mishahara, nauli, makato. Nyumba ya Glasgow ilikuwa na bei ya chini kuliko ile ya Sparkbrook. Dawa zake za presha, ambazo hapa alizilipia kila mwezi, kule zilikuwa bure. Maji kule hulipwa pamoja na kodi ya jiji, kwa hiyo bili moja ikapungua na nyingine ikanenepa. Mashuka ya hospitali yanafuliwa kila mji, na mtu wa kiwandani alishamwahidi barua ya kumpendekeza. Kilichobaki ni makato ya mshahara, kwa sababu Scotland hujipangia viwango vyake, na mwenye kipato cha kati na cha juu hukatwa zaidi kuliko Uingereza. Kwa mshahara wa Mama Plamedi tofauti ilikuwa karibu na bure. Lakini nilitaka kuonyesha kwamba nimelisoma jambo lote, nikapiga hesabu ya siku atakapopandishwa kuwa msimamizi, nikaandika JUU KIDOGO. Maelezo ya kupandishwa cheo sikuyaandika. Mstari ulikuwa umejaa.

Na hapo ndipo penyewe. Mimi nimekulia Machakos. Kwetu kodi ni ile ya nyumba, ambayo mwenye nyumba huigongea mlango mwisho wa mwezi, na serikali inachokukata kwenye mshahara ni ushuru. Mama Plamedi alitoka Bukavu akapitia kambi ya Tanzania. Kwake yeye kodi ni ya serikali, nyumba hulipiwa loyer, na ushuru ni kile unachotozwa ukivusha mzigo: kwenye kizuizi, kivukoni, mpakani. Tulikuwa tumekula meza moja karibu mwaka mzima tukidhani tunazungumza lugha moja. Nilimsomea karatasi jikoni Ijumaa jioni, Plamedi amejilaza kwenye kochi na simu yake. Nilipofika kwenye kodi alipiga makofi. Nilipofika kwenye ushuru aliacha kukoroga. "Juu kidogo ni kiasi gani?" akauliza. Nikamjibu kwa madaha ya kisomi kwamba inategemea mtu ana nini. Nilimaanisha ana mshahara gani. Akageuka akaangalia sebuleni, zile cherehani zilizofunikwa shuka, akasema, "Niko na ile tu." Sikuelewa, wala sikuuliza. Akaiomba karatasi, akaikunja mara nne.

Kwa siku kadhaa nyumba ilipoa. Cherehani haikusikika. Nilidhani anaomba Mungu amwongoze, kama kawaida yao wakiwa na jambo. Kisha nikamkuta jikoni amemwaga mezani mfuko wa karatasi zake zote, bili, barua za shule, kadi za hospitali, anazipekua moja moja. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Facture ya mashini."

"Risiti? Ya nini tena?"

"Nilinunua kwa yule mzee wa Tyseley, atelier yake ya kushona ikafungwa. Nilimupa franga mu mukono. Hakunipa kartasi." Alikuwa akinong'ona, Plamedi asisikie. "Sasa bakiniuliza ku frontière, pale ku mpaka, nitasema nini? Batasema nimeiba. Ao batanilipisha ushuru yote mpaka niache mashini palepale."

"Akina nani, Mama Plamedi?"

"Ba-douane, benye kulipisha ushuru. Ba kule kwa Zawadi. Wewe mwenyewe uliandika, ushuru iko juu."

Kisha akaniambia, bila kuniangalia, habari ya cherehani yake ya kwanza, ya kukanyaga kwa miguu, aliyoibeba na mume wake akiwa bado hai, na jinsi ilivyobaki kwenye kizuizi kimoja kwa sababu ya kukosa karatasi na ushuru. Hakulia. Alisema tu kwamba alipotazama nyuma aliona askari ameikalia. Miaka ile televisheni ilikuwa haina neno jingine ila mpaka, mpaka, nani atoke, nani abaki, na Scotland kila mara ikitajwa kama nchi inayotaka kujitenga. Noti yao hata dukani ilikataliwa. Mtu aliyeishi maisha yake yote akisimamishwa barabarani, angeaminije kwamba unaweza kuingia nchi yenye bunge lake na pesa zake bila kuulizwa umebeba nini? Hakumwambia Zawadi, kwa sababu aliona aibu kukiri kwamba anavishikilia vyuma wakati ndugu anaumwa. Na Plamedi hakutaka kuambiwa lolote kuhusu kuhama, aliziba masikio.

Nilielewa pale pale. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa maana miaka mingi nimejaribu kujidanganya kwamba nilielewa baadaye. Kwanza kicheko kilinipanda kooni. Hapakuhitajika ila sentensi moja: hakuna mpaka, dada yangu, barabara ni moja, ushuru niliouandika ni ule wa mshahara, nao haukuhusu. Ilikuwa tayari mdomoni. Nikainua macho nikaona sahani yangu juu ya meza, imefunikwa na sahani nyingine ili isipoe, na nikaona chumba kile bila mtu, na mwenye nyumba akileta wapangaji wengine, nami nikitafuta pa kwenda na sanduku langu nikiwa nimebakiza miezi kumi ya masomo. Nikasema, "Tutaitafuta." Hilo ndilo nililosema. Na nikakaa nikamsaidia kupekua, karatasi baada ya karatasi, risiti niliyojua haipo kwa ajili ya mpaka niliojua haupo. Kila nikitaka kusema, dakika iliyopita ilikuwa imeshaongeza uzito wa kunyamaza.

Nilijipa mpaka kesho yake, halafu Jumapili, halafu mwisho wa wiki. Kunyamaza hakuhitaji bidii, ndiyo ubaya wake. Asubuhi alikwenda kazini kabla sijaamka, jioni kulikuwa na simu ya Zawadi, wikendi nilikuwa Acocks Green nikiwavisha wazee soksi. Siku moja bibi mmoja pale, mwenye kusahau, aliniambia kwa utulivu, "You're not really here, are you, dear," nami nikaenda chooni nikajifungia. Mwisho wa mwezi wa sita Mama Plamedi alimwambia mdogo wake kwenye simu kwamba hesabu zimekataa. Nilikuwa kwenye ngazi, nimesimama ile ya nne, isiyolia. Nilimsikia Zawadi akisema si kitu, dada, atakuja Noeli, na mafuta yakichachatika kwenye karai huko kwake. Alhamisi ile kikundi cha maombi kilikutana sebuleni kwetu. Mama Plamedi akawaambia wenzake kwamba Mungu amefunga mlango, na Mungu akifunga anajua sababu. Nilisema Amina kwa sauti kuliko wote.

Zawadi alifariki mwezi wa kumi na moja, siku isiyo ya matibabu, peke yake, kwenye ngazi. Jirani mpya wa chini, kijana aliyeichukua ile nyumba, alikuwa kazini na hakuna aliyesikia. Habari zilikuja saa ile ile ya kumi na moja. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la unga, na badala ya kidevu cha Zawadi kikatokea kichwa kizima cha mchungaji. Sitaeleza kilio cha Mama Plamedi. Kuna wakati nakisikia kwenye breki za basi, na nashuka kabla ya kituo changu.

Tulisafiri watatu kwenda kumzika, kwa basi la asubuhi. Mimi niliombwa niende kwa sababu ya Kiingereza na karatasi. Mama Plamedi alikaa dirishani na bahasha ya plastiki mapajani, na ndani yake alikuwa amepanga pasipoti zao mbili, barua ya kazi, barua ya council, cheti cha kuzaliwa cha Plamedi, na barua ya chuo changu, aliyonikumbusha kuiomba. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Tangu Preston alikuwa akiuliza. "Mhasibu, frontière iko mbali bado?" Nikamwambia bado. Tulipopita Carlisle aliniuliza tena, akamwamsha Plamedi, akamfuta uso kwa kitambaa, akamvuta nywele nyuma ili afanane na picha ya pasipoti. Nililiona bango la buluu la kukaribisha watu Scotland likija upande wa kushoto. Lilikuja polepole, au mimi ndiye niliyeona hivyo, likapita, na basi halikupunguza hata mwendo. Mama Plamedi alikuwa ameinama akihesabu karatasi. Hata pale, hata akiwa amevaa nyeusi, nilinyamaza, nikitumaini sijui nini.

Pengine saa nzima ilipita. Milima, kondoo, mvua ya pembeni. Akachoka kunisubiri, akamgusa mwanawe. "Plamedi. Ba-douane bako wapi?"

Plamedi akatoa kidude cha sikioni. "What's douane?"

"Bale ba frontière. Benye kuangalia vitu."

"Mum, there's no one. We're in Scotland. We've been in Scotland for ages." Akarudisha kidude sikioni.

Mama Plamedi aliangalia nje. Aliangalia barabara, ile ile, na malori yakija upande wa pili, yamejaa, hakuna anayeyasimamisha. Lori moja lilikuwa la kuhamisha vyombo, mlango wake wa nyuma umefungwa kwa kamba, na miguu ya kiti ilichungulia. Alilifuata kwa macho mpaka likapotea. Kisha akageuka akanitazama, na nikajua kwamba anarudi nyuma siku moja moja, mwezi wa kumi, wa tisa, wa saba, hadi kwenye meza yenye karatasi zilizomwagwa, na mimi nimekaa ng'ambo yake nikitafuta pamoja naye.

"Mueni," akasema. "Ulijua?"

Ningeweza kumjibu habari ya maneno, kwamba kodi kwenu ni hivi na kwetu ni vile, na lingekuwa kweli. Nikamwambia, "Nilijua."

Alirudisha karatasi kwenye bahasha, moja baada ya nyingine, akabonyeza kifungo chake, akaiweka chini ya miguu. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mikono mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake mahali. Halafu akainama kwenye kapu, akatoa bakuli lililofungwa kwa kitambaa, chapati na mayai ya kuchemsha aliyoyapika alfajiri katikati ya msiba wake. Akampa Plamedi. Akachukua yai la pili, akalimenya mwenyewe, akilizungusha kwa vidole, asiache hata gamba moja, akaliweka ndani ya chapati na kunikabidhi.

"Kula," akasema. "Kungali mbali."

Nikala yote, naye akiniangalia.